Kutoka Duka hadi Kampuni: Deni ni la Nani?



Chama cha msaada huitwa matangani kila mwaka, na mara nyingi matanga yakiisha hutokea swali zito: marehemu alikuwa na duka, je, madeni ya duka ni ya nani? Katika dini ya Kiislamu deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Basi jawabu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama mjane na mayatima watasaziwa kitu. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza jinsi sheria ilivyolijibu, hatua kwa hatua, kadiri biashara ndogo inavyokua.

Kotile iko upande wa mashariki wa mto Tana, katika nchi ya Ijara, Garissa. Biashara yake ni ile ijulikanayo kaskazini mashariki yote: mifugo huenda soko la Garissa, sukari, majani ya chai, unga na nguo hurudi. Wakati wa ukoloni nchi hii ilifungwa kwa Sheria ya Wilaya za Mbali ya 1902 na ile ya Wilaya Maalum ya 1934, hata safari ikawa ni jambo la kibali. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka 1991. Si ajabu basi kwamba neno la mdomo lilitumika kuliko karatasi ya Msajili aliyekuwa mbali Nairobi.

Hatua ya kwanza ni duka la mtu mmoja. Tangu Sheria ya Majina ya Biashara ya 1951, afanyaye biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe hana budi kulisajili. Lakini wengi hudhani cheti kile ni ngao, nacho si ngao hata kidogo. Mbele ya sheria duka na mwenye duka ni mtu mmoja. Sukari iliyokopwa ikiharibika njiani, mwenye kudai aweza kuifuata hata mifugo ya nyumbani.

Hatua ya pili ni ubia. Waislamu wameijua mudharaba tangu kale: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa mapatano. Hasara isiyotokana na uzembe ni ya mwenye mali. Mwenye kazi hupoteza jasho lake. Sheria ya ubia iliyotoka Uingereza haisemi hivyo. Humo kila mbia hudaiwa deni lote la biashara, hata kama mwenziwe ndiye aliyekopa. Tena mbia mmoja akifa, ubia huvunjika, isipokuwa wamepatana vingine. Ndugu wawili wasioandika mapatano hufungwa na sheria ambayo hawakuichagua.

Hatua ya tatu ni ushirika au kampuni. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1945 iliwafungulia Waafrika mlango, na kanuni ya ushirika ni kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kampuni ni namna nyingine. Katika kesi ya Salomon ya 1897, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ni mtu mbali na wenyewe. Deni lake ni lake. Mwenye hisa hupoteza hisa zake tu, na akifa, kampuni haifi pamoja naye.

Mfano mwema uko hapa Kenya. Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianza na chama kidogo cha akiba huko Bondo. Kufikia 1947 kilikuwa kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation, ikawa na mtambo wa kupigia chapa Nairobi na jengo Kisumu. Karibu na siku zetu, Equity ilianza 1984 kama chama cha mikopo ya nyumba, ikawa benki 2004, na 2006 hisa zake zikaingia soko la Nairobi. Wote hao walibadili vazi walipokua.

Hapo zamani mtu mmoja hakuweza kuunda kampuni peke yake. Sheria ya kale ilitaka wawili kwa uchache. Sheria ya Makampuni ya 2015 imemruhusu mmoja, na maombi hupelekwa kwa mtandao. Hivyo umbali wa Kotile na Nairobi si kizuizi kama ulivyokuwa.

Hata hivyo hatusemi kila kioski kiwe kampuni. Kampuni hudai hesabu na taarifa za kila mwaka, na benki ikimtaka mwenyewe awe mdhamini, ngao ile hutobolewa kwa sahihi yake mwenyewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeanza na aanze na daftari, na fedha za duka zitengwe na za nyumbani. Wabia waandike mapatano mbele ya mashahidi. Na biashara ikifika mahali ambapo hasara moja yaweza kumaliza zizi zima, huo ndio wakati wa kwenda kwa Msajili.

Twaomba kila mwanachama mwenye duka ajiulize swali letu la kwanza akiwa hai, wasije watoto wake wakaulizwa badala yake.