Kura 123 za Parur: Mashine, Sheria na Haki ya Mpiga Kura



Tangu tarehe 30 Desemba 2018, siku ambayo sisi Wakongo tulitumia kwa mara ya kwanza mashine ya kupigia kura, swali moja halijaacha kuzunguka katika vikundi vyetu: je, mashine inaweza kuiba kura? Swali hilo ni la haki. Lakini liko lingine linalolitangulia, nalo huulizwa mara chache: ni nani aliyeiruhusu mashine hiyo, na kwa sheria gani? Wapiga kura wa eneo moja dogo la India walikutana na swali hilo miaka 36 kabla yetu. Tunapenda leo tutafakari pamoja historia yao.

Eneo hilo la uchaguzi huitwa Parur, na siku hizi huandikwa Paravur. Liko katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, karibu na mji wa bandari wa Kochi. Ni nchi ya mito na minazi, ambamo Wahindu, Wakristo na Waislamu wameishi jirani kwa karne nyingi. Kila jimbo la India lina bunge lake, kama yalivyo majimbo yetu. Bunge la Kerala lina viti 140 vya kuchaguliwa, na kila eneo humtuma mbunge mmoja tu: anayewapita wenzake, hata kwa kura moja, ndiye mshindi.

Mwanzoni mwa mwaka 1982, watu wa Kerala walikuwa wamekwisha kujifunza uzito wa kura moja. Bunge lao lilikuwa limegawanyika pande mbili zilizolingana, na serikali ilisimama kwa kura ya kuamua ya Spika, A. C. Jose wa chama cha Congress. Mwezi wa Machi serikali hiyo ilianguka, wananchi wakaitwa tena kupiga kura. Jose aligombea Parur. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Sivan Pillai wa Chama cha Kikomunisti cha India.

Tume ya Uchaguzi ya India ilikuwa na jambo jipya mkononi. Badala ya karatasi na mhuri, mpiga kura angebonyeza kitufe kando ya jina la mgombea wake. Tume iliamua kuijaribu mashine hiyo Parur, katika vituo 50 kati ya 84. Vituo vingine 34 vingeendelea na karatasi. Hakuna sheria ya bunge iliyokuwa imeitaja mashine. Tume ilitegemea uwezo wa jumla ambao Katiba inaipa wa kusimamia uchaguzi. Sivan Pillai alikwenda mahakamani kabla ya siku ya kura ili azuie jaribio hilo. Mahakama Kuu ya Kerala haikumsikiliza, na tarehe 19 Mei 1982 watu walipiga kura kama Tume ilivyopanga.

Matokeo yalitangazwa siku iliyofuata. Sivan Pillai alipata kura 30,450, na Jose akapata 30,327. Tofauti ilikuwa kura 123. Kati ya kura za mshindi, 19,182 zilikuwa zimepigwa kwa mashine.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Yule aliyeilalamikia mashine alikuwa ameshinda kwa mashine, naye sasa alitetea ushindi wake. Jose, aliyeshindwa, ndiye aliyekwenda mahakamani kusema kwamba mashine haikuwa halali. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tusiwacheke watu hao wawili. Wangapi kati yetu hukumbuka sheria siku tu ambayo mtu wetu ameshindwa?

Mahakama Kuu ya Kerala ilimkatalia Jose. Akakata rufani katika Mahakama ya Juu ya India, nayo ikatoa hukumu mwezi wa Machi 1984. Majaji hawakusema kwamba mashine ilidanganya, wala hawakumshtaki mtu yeyote kwa wizi. Walisema jambo jepesi na zito kwa pamoja: sheria ya uchaguzi ya mwaka 1951, pamoja na kanuni zake, iliweka namna ya kupiga kura, nayo ilikuwa karatasi. Kazi ya Tume ni kusimamia uchaguzi. Kutunga sheria ni kazi ya bunge. Tume haiwezi kujaza kwa amri yake mahali ambapo bunge limekwisha kusema.

Mahakama haikumpa Jose kiti. Iliamuru kura zirudiwe kwa karatasi katika vituo vile 50. Wananchi wakarudi vituoni mwezi wa Mei 1984, na safari hii Jose akashinda. Tuone pia gharama yake: kwa miaka miwili watu wa Parur waliwakilishwa na mbunge ambaye kuchaguliwa kwake hakukuwa halali. Haki ilikuja, lakini ilikuja imechelewa.

India haikuitupa mashine. Mwezi wa Desemba 1988 bunge lilirekebisha sheria na kuiruhusu wazi. Majaribio yakaanza tena mwaka 1998, na katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2004 nchi nzima ilipiga kura kwa mashine. Mashaka hayakwisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mpiga kura anahitaji kuona karatasi inayothibitisha chaguo lake. Parur yenyewe iliendelea kubadilisha wawakilishi: P. Raju wa Chama cha Kikomunisti cha India alishinda mwaka 1991 na 1996, kisha V. D. Satheesan wa Congress akashinda mara tano mfululizo, kuanzia 2001 hadi 2021. Watu waliendelea kuiamini kura yao.

Sisi hapa Kongo, mwaka 2018, tulisikia mabishano ya namna hiyohiyo. Tume ilisema kifaa kile ni cha kuchapa tu karatasi ya kura, ambayo mpiga kura mwenyewe huitia sandukuni. Wapinzani walisema ni kura ya kielektroniki isiyoruhusiwa na sheria. Parur haitupi jibu la mabishano hayo. Inatufundisha wakati wa kuuliza: kabla ya kura, kwa sauti ileile, hata kama tunatumaini kwamba kifaa hicho kitamfaa mtu wetu.

Tena kura 123 ni watu wachache. Jumlisheni vijana wa vikundi vya parokia moja kubwa, mtaifikia hesabu hiyo. Anayesema "kura yangu moja haibadilishi kitu" aikumbuke Parur.

Basi, katika mkutano wenu ujao, mjiulize: je, tunazijua kanuni za uchaguzi wa nchi yetu, au tunayajua majina ya wagombea tu? Na kama mtu wetu angeshinda kwa njia isiyo halali, ni nani kati yetu angethubutu kusema?