Mashavu ya Bibi Harusi na Historia ya Kisu



Wiki chache kabla ya Ramadhani alitujia bibi harusi mmoja ambaye ndoa yake imepangwa mfungo mosi. Alikuja kutaka ushauri wa hina na wa mshoni. Tulipomaliza, akatoa simu akatuonesha picha yake ya siku ya posa. Chini ya picha hiyo wifi yake mtarajiwa alikuwa ameandika maneno mawili tu, "shavu dodo", akaongeza vicheko. Tangu siku ile usingizi umempaa. Alikwishaulizia bei ya upasuaji wa kupunguza mashavu ng'ambo, na fedha aliyotaka kuitumia ni sehemu ya mahari yake. Akatuuliza: "Dada zangu, ni haramu? Na kama si haramu, nifanye?"

Hatukumjibu siku ile. Sisi si mashekhe, wala si madaktari. Tulikwenda kusoma na kuuliza wanaojua, tukakuta kuwa swali lake lina historia ndefu kuliko tulivyodhani. Tunaileta hapa kwa sababu tunajua hayuko peke yake.

Tuanzie nyumbani. Bibi zetu wa Unguja na Pemba walipomweka mwari ndani, hawakumweka ili akonde. Alikaa kivulini, akasingwa kwa singo, akapakwa liwa, akafukizwa udi, na akalishwa vizuri mpaka uso ukajaa. Siku ya kutolewa, somo wake alitaka watu waone uso ulionawiri. Mashavu yaliyobonyea yalikuwa alama ya maradhi au dhiki, na wakwe wangenong'ona huyu mtoto anaumwa nini. Dodo ni embe la heshima, na aliyeambiwa ana shavu dodo alikuwa amesifiwa. Leo sifa hiyohiyo imemliza binti yetu.

Sasa, hicho kinachotolewa ni nini? Ndani ya kila shavu, katikati ya misuli ya kutafunia, mna kifuko cha mafuta. Mwaka 1732 tabibu wa Kijerumani, Lorenz Heister, alikieleza akidhani ni tezi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Xavier Bichat ndiye aliyetambua kuwa ni mafuta, na mpaka leo madaktari wanakiita kwa jina lake. Bichat mwenyewe alifariki mwaka 1802, akiwa na miaka 30 tu. Kwa mtu mzima kifuko hicho kina uzito wa kama gramu 9 au 10 kila upande, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Kwa mtoto mchanga kinaonekana zaidi, na inaaminika kinasaidia mashavu yasibonyee ndani anaponyonya. Kila mmoja wetu alikuja duniani na shavu dodo lake, na lilikuwa na kazi.

Mafuta hayo yana kazi nyengine pia. Mwaka 1977 daktari wa upasuaji aitwaye Egyedi aliandika jinsi alivyoyatumia kuziba matundu yaliyobaki kinywani baada ya upasuaji. Tangu hapo yamekuwa akiba ya kutengenezea kinywa kilichoharibika. Hata wenye maradhi ya kinywa kukakamaa, yanayoletwa na kutafuna popoo, wapo waliotibiwa kwa mafuta ya mashavu yao wenyewe. Hivyo hayakuwekwa pale bure.

Tuje kwenye dini. Watu wengi hudhani kwamba Uislamu ulikutana na upasuaji wa uso juzi tu. Sivyo. Sahaba Arfaja bin As'ad, radhi za Allah ziwe juu yake, alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamtoa harufu mbaya. Mtume, rehma na amani zimshukie, akamwamuru atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume. Kisa hiki kimepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na ndicho ambacho wanazuoni wamekishika kuwa msingi: kurudisha kilichopotea ni matibabu.

Upande wa pili ipo hadithi ya Abdallah bin Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanaojichanja chale za rangi, wanaonyoa nyusi na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadili umbile la Mwenyezi Mungu. Mwanamke mmoja, Ummu Yaaqub, alimwendea Ibn Mas'ud na kumhoji: yeye ameisoma Qur'ani yote na hakuyaona hayo. Ibn Mas'ud akamkumbusha amri ya kushika anayotupa Mtume. Bibi yule hakuishia hapo. Akasema anahisi hata mke wa Ibn Mas'ud anafanya hayo! Akaambiwa aende akatazame. Akaenda, hakuona kitu. Tunakipenda kisa hiki kwa sababu mwanamke aliuliza wazi, tena mara mbili, na akajibiwa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza kuwa makatazo ni kwa anayefanya kwa kutafuta uzuri. Mwenye haja ya matibabu au mwenye kasoro katika jino hana ubaya.

Matabibu wa Kiislamu walifanya kazi ndani ya mpaka huo. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki kama mwaka 1013, aliandika kitabu cha juzuu 30, na ya mwisho aliitenga kwa upasuaji pamoja na michoro ya vyombo vyake. Humo mna kutengeneza kope zilizopinda, na mna kupunguza matiti ya mwanamume yaliyokuwa kama ya mwanamke. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa karne kadhaa.

Huko Ulaya upasuaji wa uso ulikua kwa sababu ya vita. Kuanzia mwaka 1917, katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, Harold Gillies na wenzake waliwatibu zaidi ya askari 5,000 waliorudi vitani bila pua, bila taya, bila mashavu. Huko Paris daktari mwanamke, Suzanne Noël, naye alishughulika na majeruhi, na pia aliwavuta ngozi za uso wanawake waliokuwa wakiogopa kufukuzwa kazi kwa kuonekana wazee. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kuitetea kazi hiyo. Hatumcheki. Walikuwa wanawake waliotafuta riziki mbele ya watu waliowahukumu kwa makunyanzi. Lakini hapo kisu hakikuwa cha aliyevunjika taya tu, kilikwenda pia kwa aliyeogopa jicho la mtu.

Sinema nazo zikaleta sura mpya. Miaka ya 1930 watu walipenda mashavu yaliyoingia ndani kama ya Marlene Dietrich, hata ukaenea uvumi kwamba aling'oa magego ili ayapate. Kisha upepo ukageuka tena. Mwezi Julai 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likatoa azimio nambari 173 juu ya upasuaji wa urembo. Lilijuzisha kutibu kasoro za kuzaliwa nazo, athari za ajali, na umbile baya linalomdhuru mtu mwilini au nafsini. Likakataza kubadili umbile la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga watu, na miongoni mwa mifano likataja kukuza mashavu. Kukuza, dada zetu! Mwaka ule waliohangaika walitaka mashavu makubwa. Miaka 15 baadaye, mwishoni mwa 2022, mitandao ya kijamii ikajaa picha za watu waliotolewa mafuta ya mashavu. Mafuta ya mashavu yakishakatwa hayarudi maisha yote, lakini mtindo haukudumu hata umri wa mtoto wa skuli.

Binti yetu aliporudi tulimweleza yote haya. Tukamwambia na la kisu chenyewe. Daktari hupasua ndani ya shavu, karibu na magego ya juu, mahali unapofungukia mfereji wa mate na zinapopita nyuzi za fahamu zinazochezesha mdomo. Kwa kawaida jeraha hupona, lakini mfereji ukikatwa au uzi ukiumia, huo ni msiba wa usoni. Na hata mambo yakienda vizuri, uso wa mwanadamu hupungua nyama kadiri umri unavyosogea. Anayetoa leo akiwa na miaka 23 huenda akaja kuyahitaji akiwa na 50.

Akauliza: "Hayo yakitolewa hayarudi?"

Hayarudi.

Akauliza tena kama maumivu ya nafsi yake hayahesabiki. Hilo lilitugusa, kwa sababu azimio limetaja nafsi. Tulimwambia ukweli wetu: uso wake ni mzima, na kilichomuumiza ni maneno mawili ya mtu mmoja. Lakini hukumu si yetu. Amuulize shekhe anayemwamini au aende Ofisi ya Mufti, amwone daktari asiyeuza upasuaji huo, azungumze na mama yake, kisha aswali istikhara. Na mahari ni haki yake. Asiitoe kwa kulipia kicheko cha wifi. Kama baada ya yote bado anataka, asubiri ndoa ipite. Uamuzi wa maisha usifanywe kwa haraka ya picha za siku moja.

Juzi alitupigia simu kuuliza singo nzuri inapatikana wapi. Habari ya safari hakuitaja, nasi hatukumuuliza.

Ewe Mola wetu, kama ulivyotengeneza maumbile yetu, zitengeneze na tabia zetu, na uzilinde ndimi zetu tusiwaumize mabibi harusi wetu. Amin. Wallahu a'lam.