Majina ya Homa ya Ini Huko Nyakarenzo

Huko Nyakarenzo, wilayani Rusizi, katika nchi iliyoitwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, neno la Kinyarwanda umwijima lina maana mbili: ini na giza. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno hili bila kusimama, kwani homa ya ini ilikaa gizani kweli kweli. Virusi vya aina ya B na C huweza kuishi mwilini miaka mingi pasipo maumivu, hata macho yageuke manjano au tumbo lijae maji. Hali hii ya mwisho Wanyarwanda huiita urushwima, na wengi waliihesabu kuwa uburozi, yaani sumu ya adui. Basi badala ya kutafutwa dawa, alitafutwa mchawi. Kiswahili nacho hakina la kujivunia: homa ya manjano ni maradhi mengine kabisa, yaenezwayo na mbu, lakini watu huyachanganya na haya ya ini.

Tulitazame na tendo la kuchanja. Wazee walichanja chale na kukata kilimi, kile kinyama cha kooni ambacho Kinyarwanda hukiita ikirimi, na wembe mmoja uliweza kupita kwa watu wengi. Virusi hivyo hupita katika damu, wala si katika sahani. Lakini aliyetengwa mezani ni mgonjwa, wembe ukaachwa uendelee na kazi yake!

Baruch Blumberg wa Marekani, aliyevumbua alama ya aina ya B katika damu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Watoto wachanga wa Rwanda walianza kupewa kinga yake mwaka 2002. Sisi twaiita chanjo, kutokana na kule kule kuchanja. Wanyarwanda husema gukingira, ndugu wa kukinga kwetu. Kwa maoni yangu wao wamechagua vema zaidi, maana mama aliyeonywa juu ya chale ana haki ya kushangaa akiambiwa mwanawe achanjwe.

Aina ya C, iliyotambuliwa mwaka 1989, haina chanjo, ila ina vidonge vinavyoiponya kwa majuma 12 hivi. Desemba 2018 serikali ya Rwanda ilitangaza mpango wa miaka mitano wa kuwapima watu milioni 4 na kuwatibu 110,000. Kati ya waliopimwa, walioonekana kuwa nayo zaidi ni wazee, watu wa enzi ya wembe mmoja.