Magazini Iliyofungwa Mnyororo

Wasee, kuna kidude cha chuma kimenifunza historia kuliko semesta zote nilizokaa chuo kabla niache. Ni magazini, kile kisanduku cha risasi kinachokaa chini ya bunduki.

Rudini 1879. James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada akahamia Marekani, anapata hataza ya magazini ya kuchomoa. Ni ya zile bunduki unavuta komeo nyuma kwa mkono, ganda linaruka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Wazo lilikuwa rahisi: risasi zikiisha, chomoa kisanduku, chomeka kingine kilichojaa.

Waingereza wakalipenda. 1888 wakapitisha bunduki ya Lee-Metford. Halafu wakafanya nini? Magazini ya kuchomoa wakaifunga na mnyororo mdogo! Wakaweka pia kibamba cha kuziba njia, askari apakie risasi moja moja, zile za magazini zibaki akiba. Wakubwa waliogopa askari atapoteza magazini na kumaliza risasi ovyo.

Mimi nilisema hii ni dharau tu. Na dharau ilikuwepo. Lakini kulikuwa pia na shida ya kiufundi ambayo hakuna mwalimu aliwahi kuniambia. Magazini za Lee hazikuwa kama chaja ya simu, ati unaazima ya jirani. Midomo yake ya juu ikipinda kidogo tu, risasi inakwama. Ilibidi fundi wa silaha ailinganishe na bunduki yake. Tena risasi ya .303 ina ukingo kitakoni. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ule wa chini, zinashikana na haziendi popote.

Kwa hivyo, na Lee-Enfield fupi ya 1903, jibu likatoka juu: kibanio cha risasi 5 unachosukumia ndani ukiwa umefungua komeo. Vibanio viwili, magazini ya risasi 10 imejaa. Kuichomoa kukabaki kwa kuisafisha. Bunduki za ukoo huo ndizo babu zetu wa KAR walibeba.

Baada ya vita, nyingi ziliuzwa kwa wawindaji wa Kanada na Australia, wakazipunguza mbao ziwe nyepesi. Hapo ndipo somo la zamani lilirudi. Mtu ananunua magazini iliyotumika, inaingia vizuri, inalia “kach”, anafurahi. Porini, risasi ya pili inakwama. Mwindaji mjanja aliangalia midomo, springi, na kama kila risasi inapanda bila kusukumwa, ndiyo alipe.

Maoni yangu? Historia tunayokaririshwa ni ya tarehe na majenerali. Hatuulizi kifaa kilifanyaje kazi mkononi mwa yule wa chini kabisa, na kama aliyempa alimwamini. Ule mnyororo ulikuwa mdogo, lakini unajibu maswali yote mawili.