Pua za Ypsilanti

Kirusi kimoja cha mafua kinaitwa PR8. Hizo herufi mbili ni za Puerto Rico, kisiwa ambacho Marekani ilikitwaa kwa Wahispania mwaka wa 1898 na haijawahi kuamua ikifanye nini. Kirusi chenyewe kilipatikana huko mwaka wa 1934, kikaishia mikononi mwa daktari Mmarekani aliyeitwa Thomas Francis. Kina tabia moja ambayo wenye viwanda wanaipenda sana: kinaota haraka ndani ya yai la kuku. Kwa hivyo hadi leo, zaidi ya miaka tisini baadaye, jeni za PR8 huchanganywa na zile za virusi vya msimu ili kutengeneza mbegu ya chanjo. Ukidungwa sindano ya mafua Westlands au Brooklyn, kuna uwezekano mzuri kwamba kisiwa hicho kimepitia mkononi mwako.

Naanza hapo kwa sababu hadithi ya chanjo ya mafua kwa watu wazima kwa kawaida huanza na wanasayansi wa London waliokitambua kirusi cha mafua ya binadamu mwaka wa 1933, kisha huruka moja kwa moja hadi foleni za duka la dawa. Katikati kuna miili. Na ukiangalia ni miili ya kina nani, unaanza kuelewa ni kwa nini foleni ya leo inakaa vile inavyokaa.

Kwanza, tuelewane kuhusu neno. Sisi tukisema "niko na homa", tunamaanisha pua inayovuja, dawa ya mia moja na maji moto yenye ndimu. Influenza ni mnyama mwingine. Ile ya 1918 ilifika Mombasa kwa meli mwezi wa Septemba, ikapanda reli, ikaingia vijijini pamoja na watu waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Watafiti wanakadiria kwamba iliua takriban watu 150,000 nchini Kenya. Nasema wanakadiria kwa sababu serikali ya kikoloni haikuwa hata na hesabu ya Waafrika waliokuwa hai, seuze waliokufa. Sensa kamili ya kwanza ilikuja 1948.

Jeshi la Marekani nalo lilipoteza makumi ya maelfu ya wanajeshi kwa ugonjwa huohuo. Vita vingine vilipoanza kunukia, mwaka wa 1941, likaunda tume ya kutafuta chanjo na kumweka Francis kuwa kiongozi. Mwaka uliofuata kijana mmoja akajiunga naye katika Chuo Kikuu cha Michigan: Jonas Salk, yule ambaye baadaye angejulikana duniani kote kwa chanjo ya polio.

Walikuwa na chanjo ya majaribio. Walihitaji watu. Na si watu tu, bali watu wasiohamahama, wanaokula na kulala mahali pamoja, wasioweza kutoka. Karibu na chuo palikuwa na hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili, Ypsilanti.

Wanaume wa Ypsilanti walidungwa chanjo. Baada ya miezi kadhaa wakapuliziwa kirusi cha mafua puani, kwa makusudi, ili ionekane nani ataugua na nani hataugua. Baadhi yao hawakuweza hata kueleza wanavyojisikia. Hebu fikiria kidogo hapo. Mtu asiyeweza kukuambia kwamba kichwa kinamuuma anaambiwaje maana ya jaribio? Anakubali vipi? Gazeti moja la wakati huo liliwataja kama wazee waliodhoofika akili na mwili, na liliandika hivyo bila kusita, kama mtu anayeeleza aina ya mchanga uliotumika kujenga nyumba. Mwaka wa 2011 shirika la habari la AP liliifukua habari hii pamoja na majaribio mengine mengi ya namna hiyo.

Mwishoni mwa 1943 chanjo ikajaribiwa kwa wanajeshi zaidi ya 12,000 waliokuwa wakisoma vyuoni. Waliochanjwa waliugua kwa kiasi kidogo sana kuliko wenzao. Mwaka wa 1945 ikaidhinishwa. Ilifanya kazi, na toleo lake la leo bado linafanya kazi: msimu ambao chanjo inalingana vizuri na kirusi kinachozunguka, hupunguza uwezekano wa kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nasema sindano ni sumu. Nasema ililipiwa, na waliolipa hawakuulizwa.

(Ypsilanti haikuishia hapo. Mwaka wa 1959 mwanasaikolojia Milton Rokeach aliwakusanya huko wagonjwa watatu, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye Kristo, akawaweka pamoja kwa miaka miwili aone watafanya nini. Akaandika kitabu, na baadaye wakatoa filamu. Hospitali hiyo haikujua kumwacha mtu alale.)

Na kabla hatujawanyooshea Wamarekani kidole: miaka hiyohiyo Mathari, hapa Nairobi, ilikuwa chini ya daktari Mwingereza J. C. Carothers. Huyu alikuja kuandika kwamba ubongo wa Mwafrika wa kawaida unafanya kazi kama wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu mwaka wa 1953. Yaani rangi yenyewe ilikuwa ulemavu. Ukishafika hapo, tofauti kati ya "mweusi" na "mgonjwa wa akili" ni suala la karatasi tu.

Turudi Marekani. Mwaka wa 1918 wauguzi Weusi walikuwa wamefunzwa na wako tayari, lakini jeshi halikuwataka. Lilikuja kuwachukua 18 mwezi wa Desemba, vita vikiwa vimekwisha, kwa sababu mafua yalikuwa yamewalemea wauguzi Wazungu. Kisha ikaja Tuskegee, Alabama, 1932 hadi 1972: wanaume Weusi 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende, wakifuatiliwa na idara ya afya ya serikali bila kuambiwa wana ugonjwa gani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Ukiuliza watu kuhusu Tuskegee, watakuambia wale wanaume walidungwa kaswende. Hapana. Walikuwa nayo tayari. Kosa lilikuwa kunyimwa dawa. Penisilini ilipatikana, ikawa tiba ya kawaida, na wao wakaachwa hivyohivyo mpaka wengine wakafa. Dhambi ya Tuskegee haikuwa sindano. Ilikuwa sindano ambayo haikutolewa.

Nashikilia jambo hili kwa sababu ya namna takwimu za leo zinavyosomwa. Msimu wa 2021 hadi 2022, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa hesabu: watu wazima Wazungu waliopata chanjo ya mafua walikuwa asilimia 54. Weusi, asilimia 42. Wenyeji asilia wa Amerika, 41. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 38. Na katika misimu iliyotangulia tangu 2009, mtu mzima Mweusi alikuwa na uwezekano wa karibu asilimia 80 zaidi wa kulazwa kwa mafua kuliko Mzungu. Kila hesabu kama hii ikitoka, mtu husimama na kusema: ni Tuskegee, hawaamini. Maelezo haya yanaonekana ya huruma, lakini yanamrudishia mgonjwa lawama. Tatizo linakuwa liko kichwani mwake, kwenye kumbukumbu zake. Daktari ambaye hakumtajia chanjo alipokwenda kupimwa sukari anatoka bila doa. Hata bima anayoikosa, zahanati inayofunga saa kumi na moja jioni naye hutoka kazini saa moja usiku, vyote vinatoka bila doa.

Hofu ipo, sikatai. Lakini hofu huwa haifanyi kazi peke yake, na ni rahisi mno kwa taasisi kupenda maelezo yasiyoigharimu kitu.

Sasa weka ulemavu juu ya rangi. Kwa hesabu za CDC, mtu mzima mmoja kati ya watano miongoni mwa Wazungu wa Marekani ana ulemavu wa aina fulani. Miongoni mwa Weusi ni mmoja kati ya wanne. Miongoni mwa wenyeji asilia ni watatu kati ya kumi. Kwa hivyo tukizungumza juu ya "watu Weusi" na "watu wenye ulemavu" kama mafungu mawili, tunawagawa watu walewale. Na kwa mafua, ulemavu si jambo dogo. Mtu ambaye misuli ya kifua ni dhaifu hawezi kukohoa kwa nguvu ya kutoa makohozi. Anayemeza kwa shida, chakula na mate humwingia mapafuni. Anayelishwa na kuogeshwa na mtu mwingine hawezi kujitenga na mtu huyo akipiga chafya. Mafua ya siku tatu kwa jirani yake kwake ni nimonia.

Halafu afike kliniki. Sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ipo Marekani tangu 1990, ngazi zina njia ya kiti cha magurudumu, sawa. Mwaka wa 2021 Lisa Iezzoni wa Harvard na wenzake walichapisha majibu ya madaktari 714: asilimia 82 waliona kwamba mtu mwenye ulemavu mkubwa ana maisha duni kuliko asiye nao, na ni asilimia 41 tu waliokuwa na uhakika kamili kwamba wanaweza kumhudumia sawa na wengine. Daktari anayeamini kwamba maisha yako ni duni atakukumbusha chanjo kwa bidii gani? Mwanamke Mweusi aliye kwenye kiti cha magurudumu anapita kwenye mlango ambao umepunguzwa upana mara mbili.

Mwaka wa 1976 ulizidi kuvuruga mambo. Mwanajeshi kijana alikufa Fort Dix kwa mafua ya nguruwe, Rais Ford akataka nchi nzima ichanjwe. Watu zaidi ya milioni 40 walijitokeza. Janga lenyewe halikuja. Kilichokuja ni ugonjwa wa Guillain-Barré, unaopooza misuli, takriban kisa kimoja cha ziada kwa kila watu 100,000 waliochanjwa, na mwezi wa Desemba kampeni ikasimamishwa. Ni hatari ndogo, na misimu iliyofuata haikuonyesha tena kiwango kama hicho. Lakini angalia hofu ilivyoelezwa na wengi: utadungwa, utakuwa kilema. Ulemavu ukawa adhabu ya kutishia watu, huku watu wenye ulemavu wenyewe, ambao mafua yangeweza kuwaua, wakibaki bila kuulizwa kitu.

Sisi tunalijua hili kwa njia yetu. Aprili 2020, wataalamu wawili kwenye televisheni ya Ufaransa walijadili kama chanjo ya kifua kikuu isijaribiwe Afrika dhidi ya korona, mahali pasipo na barakoa wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Simu zetu zilijaa hasira kwa wiki nzima, na hasira ilikuwa halali. Kilichonishangaza ni kwamba mwaka uliofuata, chanjo za korona zilipopatikana, nchi tajiri zilizinunua zikapita mahitaji yao, na tukangoja. Hasira ya kungoja haikuwa kubwa kama ile ya kujaribiwa.

Hospitali ya Ypsilanti ilifungwa mwaka wa 1991. Majengo yakakaa matupu, vijana wakawa wanaingia usiku kupiga picha za mizimu. Baadaye Toyota ikanunua ardhi, ikabomoa, na sasa hapo ni sehemu ya kituo chake cha kiufundi. Taasisi ya Salk iko California, juu ya bahari, na watu husafiri kwenda kuiona kwa uzuri wa majengo yake.