Sindano ya Kalkaji

Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa. Mteja alitaka maneno mia nane kuhusu mapazia, na mimi, kama kawaida yangu, kufikia saa saba usiku nilikuwa nimefungua kurasa kumi na tisa na hakuna hata moja yenye pazia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ukuta.

Ukuta wenyewe uko Kalkaji, New Delhi. Upande mmoja palikuwa na ofisi za NIIT, kampuni ya mafunzo ya kompyuta. Upande wa pili, mtaa wa mabanda. Tarehe 26 Januari 1999, mwanasayansi wa kampuni hiyo, Sugata Mitra, alitoboa tundu kwenye ukuta, akapachika humo kompyuta yenye intaneti, skrini ikitazama mabandani. Hakuweka mwalimu wala maagizo. Watoto wakaja wakaanza kugusagusa, na baada ya muda mfupi walikuwa wanaperuzi na kufunzana.

Kilichonifanya nisahau mapazia ni majina. Hawa watoto hawakuwa na Kiingereza cha maana, kwa hivyo kile kimshale cha kwenye skrini wakakiita sui, yaani sindano kwa Kihindi. Ile saa ya mchanga inayotokea mashine ikifikiria wakaiita damru, ile ngoma ndogo iliyobanwa kiunoni ambayo mungu Shiva huchorwa akiwa nayo. Ukiiangalia, kweli ni damru. Mimi nilijifunza kompyuta kwa saiba ya mtaani, shilingi moja kwa dakika, na ile saa ya mchanga hatukuipa jina lolote. Tuliitukana tu, kwa sababu ilikuwa inakula pesa zetu.

Miaka minne tu kabla ya tundu hilo, intaneti ya India ilikuwa mali ya wenye nafasi. Vyuo na taasisi za utafiti zilikuwa na mtandao wao, ERNET, tangu miaka ya themanini. Mwananchi wa kawaida alifunguliwa mlango tarehe 15 Agosti 1995, Siku ya Uhuru, na shirika la serikali la VSNL. Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba: akaunti kamili ya mtu binafsi iligharimu rupia 15,000 kwa saa 250, kwa kasi ya kilobiti 9.6 kwa sekunde. Wanafunzi walikuwa na ya rupia 500, lakini hiyo ilikuwa ya maandishi matupu. Hakuna picha. Ulisoma dunia kama telegramu.

Kati ya watu wa mwanzo walioshikwa na huo ugonjwa alikuwepo Shammi Kapoor, nyota wa Bollywood ambaye kwenye filamu ya Junglee ya 1961 aliteleza kwenye theluji akipiga ukelele wa "Yahoo!" Kampuni ya Yahoo ilisajiliwa Marekani 1995, Kapoor alikuwa amewatangulia kwa miaka thelathini na minne. Mzee huyu akaanzisha na kuongoza jumuiya ya watumiaji wa intaneti nchini humo. Alifariki tarehe 14 Agosti 2011, siku moja kabla intaneti ya India kutimiza miaka kumi na sita. Sijui kwa nini hili lilinigusa. Pengine ni ile raha ya kumwona babu wa watu akihangaika na modemu.

Turudi ukutani. Hadithi ya Kalkaji ilisafiri sana. Mwandishi Vikas Swarup amesema ndiyo iliyomchochea kuandika riwaya iliyokuja kuwa filamu ya Slumdog Millionaire, na mwaka 2013 Mitra akapewa tuzo ya TED ya dola milioni moja. Na mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, unadhani hadithi ya mtoto anayejifunza bila mwalimu hainibembelezi? Inanibembeleza sana. Ndiyo maana naishuku. Mama akiniuliza nilisomea wapi hii kazi, huwa namjibu "kwa simu," halafu namwona akiangalia chini.

Mtafiti Payal Arora alifuatilia vituo kama hivyo kule milimani Almora, na alichokuta si muujiza: mradi ulikuwa umeshakufa. Tundu peke yake halitoshi. Lazima mtu alipe laini, atengeneze kilichoharibika, na awepo siku ambayo mtoto ana swali ambalo skrini haina jibu lake.

Lakini pia kuna yule hamali wa stesheni ya Ernakulam, Kerala. Stesheni za reli za India zilianza kupewa Wi-Fi ya bure na RailTel na Google, kuanzia Mumbai Central Januari 2016. Jamaa huyu alibeba mizigo ya abiria huku akisikiliza masomo kwa visikizi, na mwaka 2018 akapita mtihani wa maandishi wa kuajiriwa na serikali ya jimbo. Google ilianza kujiondoa kwenye mradi huo 2020.

Na mlango ukifunguliwa na mtu, mtu anaweza kuufunga. Tarehe 5 Agosti 2019 serikali ya India ilizima intaneti Kashmir nzima. Januari 2020 ikarudisha ya 2G, ile ya kobe, tena kwa orodha: tovuti 153 mwanzoni, mwezi huohuo zikafika 301. Mitandao ya kijamii haikuwemo. Ya 4G ilirudi Februari 2021. Sisi tuliofungiwa Telegram wakati wa KCSE tulilalamika, na tulikuwa na haki, lakini hiyo ilikuwa programu moja.

Kwenye miezi hiyo ya giza, treni ilipoanza tena kutembea, Wakashmiri walipanda asubuhi na baridi yake, wakapita chini ya mlima wa Pir Panjal hadi mji wa Banihal, ambako intaneti ilikuwepo. Waliibatiza treni hiyo jina la intaneti. Walipanga foleni kwenye saiba za Banihal, wanafunzi wakijaza fomu za mitihani, wengine wakituma maombi ya kazi au wakisoma barua pepe za miezi iliyopita, kisha wakawahi treni ya kurudi.