Kutoka Safari Rally hadi Northern Bypass: Historia ya Mwendo Kasi Barabarani Kwetu

Ukimuuliza mzee wa Kampala kwa nini vijana wanakimbiza magari usiku katika barabara za pembeni ya mji, jibu halichelewi: malezi yameharibika, pesa zimekuja mapema, simu zimewamaliza. Nimelisikia jibu hilo kwenye teksi, kanisani, na hata darasani kutoka kwa mwalimu ninayemheshimu sana. Katika insha hii ninataka kulipinga. Sisemi kwamba vijana hawana kosa. Ninasema kwamba tukifuata alama za matairi hayo kurudi nyuma, tutakuta kuwa mbio katika barabara ya watu wote zilianzishwa na mabwana wakubwa, kwa idhini ya serikali, na wazee hao hao walisimama kando ya njia wakishangilia.

Mwaka 1953 Waingereza wa Afrika Mashariki walitaka kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, aliyevikwa taji tarehe 2 Juni. Mmoja wao, Eric Cecil, hakupendezwa na mashindano ya kuzunguka uwanja mmoja kama ngamia wa kinu. Alitaka mtu atoke na gari lake mlangoni, aende mbali kweli kweli, kisha arudi. Basi kati ya tarehe 27 Mei na 1 Juni magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika kile kilichoitwa Coronation Safari. Yalikuwa magari ya kawaida yaliyouzwa madukani, na katika miaka hiyo ya mwanzo yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei, wala si ukubwa wa injini. Mwaka 1960 jina likabadilishwa, yakaitwa East African Safari.

Katika masimulizi ya sifa kuna jambo moja ambalo hupitwa haraka: njia hazikufungwa. Dereva alipewa muda wa kufika kituo fulani, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Muda wenyewe ulipangwa kuwa mfupi makusudi. Hapo katikati ya vituo alikutana na basi la abiria, baiskeli yenye mkungu wa matoke, mama mwenye kuni kichwani, ng'ombe, mbuzi, na matope ya mvua za Pasaka. Hakuna aliyemwambia mama yule apite njia nyingine siku hiyo. Barabara ilikuwa ya umma na uwanja wa mbio kwa wakati mmoja.

Babu yangu mzaa mama alikulia kijiji kimoja karibu na Iganga, kando ya barabara iendayo Tororo. Hunisimulia jinsi walivyopanda juu ya mwembe kungoja magari, na jinsi walivyojua majina ya madereva kuliko majina ya mawaziri. Akimaliza hadithi hiyo, na macho bado yanang'aa, ndipo hugeukia dirishani na kuwalaani vijana wa Subaru. Simchukulii kuwa mnafiki. Kwake yeye mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo, na historia yote ninayoieleza hapa imejificha katika tofauti hiyo anayoiona yeye.

Madereva wenyewe walistahili sifa. Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya aliyekuwa fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kisha akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Watu walimwita Simba. Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Mwaka 1963 na tena 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na kote mshindi alikuwa Nick Nowicki, naye kwa Peugeot 404. Tuizingatie 404 hiyo. Haikuwa gari la ajabu. Ndilo gari lililobeba abiria kati ya miji yetu, na ndugu yake 504 iliyoifuata ilishinda Safari mwaka 1975 na 1978 huku nyingine za aina yake zikipakia watu wanane au tisa katika stendi za mabasi. Dereva wa abiria aliyekanyaga mafuta kwenye mteremko hakuwa anaota gari la mbali. Alikuwa ndani ya gari lile lile la washindi, na barabara ilikuwa ile ile ya washindi.

Uganda nayo ilitoa bingwa wake, lakini ikamtupa. Shekhar Mehta alizaliwa hapa mwaka 1945 katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90, familia hiyo ilikimbilia Kenya. Mwaka uliofuata Mehta akashinda Safari kwa Datsun 240Z, baada ya kulingana kabisa kwa adhabu na Harry Källström wa Sweden, ikabidi waamuliwe kwa kanuni ya ziada. Kisha akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Hayo yote alishinda akitokea Kenya. Wakati huo Safari yenyewe ilikwisha kujifungia Kenya, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1970 mipaka yetu iligeuka kuwa mahali pa uadui, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kwa hiyo kizazi cha babu yangu kilinyang'anywa mbio hizo kabla hakijazichoka. Naamini hilo limechangia: kilichobaki Uganda ni sifa yake tu, bila yale majeraha yaliyoonekana kadiri magari yalivyozidi kuwa na nguvu.

Huko Kenya ilionekana wazi kwamba magari na barabara ya watu haviwezi tena kukaa pamoja. Kufikia miaka ya 1980 timu tajiri za viwanda zilirusha helikopta mbele ya gari la mashindano, ili aliye juu amwonye dereva kwa redio: ng'ombe kushoto, lori linakuja, watoto wako darajani. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza niliona ni ufundi wa kusifiwa. Nilipolifikiria tena niliona ni ungamo. Ukihitaji helikopta ili usimgonge mtu, basi umekwisha kukubali kwamba hapo si pa kukimbilia. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, na iliporudi mwaka 2021 ilikuwa kitu kingine: ilichezwa hasa maeneo ya Naivasha, katika njia zilizofungwa, na watazamaji walipangiwa mahali pa kusimama. Wenye mchezo wamejifunza. Ilichukua miaka karibu 70.

Sasa turudi Kampala, maana hapa hadithi ina upande wa pili, nao ni wa barabara zenyewe.

Northern Bypass ilizinduliwa mwaka 2009. Ni kilomita 21 kutoka Bweyogerere upande wa mashariki hadi Busega upande wa magharibi. Lengo lake lilikuwa zuri: malori yatokayo Kenya kwenda Masaka na Rwanda yasiingie tena katikati ya mji. Ilichorwa kama barabara ya kuuzunguka mji, yaani barabara ya kupita, si ya kuishi. Lakini mji haukukaa ukatazama. Naalya, Kyaliwajjala, Kisaasi, Kyebando na Namungoona zilijaa fleti, shule, makanisa, vituo vya mafuta na wauza chapati. Barabara ikapanuliwa ikawa na njia mbili kila upande, lami laini, mikondo mirefu ambayo hata dereva mpole hushtuka akitazama mshale wa mwendo. Pembeni yake mtu anatoka nyumbani kwenda kununua mkate.

Mimi naishi Kisaasi, kwa hiyo nina upendeleo wangu, na msomaji aupime. Lakini nadhani tunakosea tunapoziita hizi barabara za pembeni ya mji. Kwa aliyezichora zilikuwa pembeni. Kwa anayevuka kila asubuhi ni katikati ya maisha yake.

Katika barabara hizo ndimo iliingia Subaru. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo magari yake yaliyotumika yanatufaa bila kubadilishwa usukani, na yamemwagika nchini kwa bei ambayo kijana mwenye kazi, au mwenye baba mwenye kazi, anaweza kuifikia. Subaru Impreza ilikuwa imeshinda Safari mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns: gari la buluu, rimu za rangi ya dhahabu. Utaiona rangi hiyo hiyo Kampala leo kwenye magari ambayo hayajawahi kuona mashindano yoyote. Bomba la moshi limebadilishwa ili livume, na usiku wa Ijumaa mtoto mchanga katika ghorofa ya tatu hulijua kabla mama yake hajalisikia. Mchezo halali bado upo, na una mashujaa wake. Mwaka 2011 Susan Muwonge alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa wa mbio za magari. Ila mchezo halali una gharama, vibali na kofia ngumu. Bypass saa sita usiku haina hata kimoja.

Simu iliongeza la kwake. Celtel ilianza kazi Uganda mwaka 1995, MTN mwaka 1998, na kwa miaka mingi hatari ilikuwa dereva anayezungumza. Sasa hatari ni dereva anayetazama, na mbaya zaidi ni anayejirekodi: mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeelekeza kamera kwenye mshale wa mwendo ili marafiki waone. Yule wa 1965 alihitaji mwenzake wa kumsomea njia. Huyu amemwondoa mwenzake, akaweka watazamaji. Sheria inakataza simu mkononi, lakini askari hawezi kusimama kila mita mia.

Gharama imekwisha kuonekana. Usiku wa tarehe 29 Juni 2013 lori la mafuta liligongwa na gari jingine katika Bypass pale Namungoona. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 30 wakafa, wengi wao waendesha boda boda. Katika mazungumzo ya mitaani msiba huo hukumbukwa kwa uchu wa wachotaji. Gari lililogonga halitajwi sana. Na kwa nchi nzima, taarifa ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani. Watembea kwa miguu na waliokuwa juu ya pikipiki ndio waliokuwa wengi. Hao ni wale wale waliokuwa kando ya njia mwaka 1953, isipokuwa sasa hawajaja kutazama, wanakwenda kazini.

Juni 2025 serikali ilianza kutumia kamera zinazosoma namba ya gari na kutoza faini zenyewe. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa katika baadhi ya maeneo ya mjini ndio uliowaudhi wengi, pamoja na ukubwa wa faini. Kelele zilikuwa kubwa, na kabla mwezi huo haujaisha mfumo ukasimamishwa ili uangaliwe upya. Rafiki zangu wengi walifurahi. Nilijaribu kuwasikiliza kwa haki, na katika lalamiko lao kuna ukweli: huwezi kumpa mtu barabara pana, iliyonyooka, isiyo na kitu cha kumpunguza, kisha ukaweka kibao kidogo cha 30 na kumshangaa akipita na 70. Barabara inamwambia kimbia, kibao kinamwambia tembea. Lakini wao waliishia kudai kibao kiondolewe. Sikumsikia hata mmoja akidai barabara ibadilishwe, na hapo ndipo ninapowaona wote, babu na Subaru, wakikaa benchi moja: gari likiwa na haraka, ni wengine wanaopaswa kusogea.

Katika njia za ndani, zile zinazoshuka kutoka Bypass kuingia mitaani, wakazi hawangoji tena. Wanajenga matuta wenyewe, bila kibali, na ni kweli kwamba mengine ni mabaya kiasi cha kuvunja gari la mtu anayeendesha taratibu. Kwetu lipo moja la udongo na vipande vya matofali, lililojengwa na wapangaji wa fleti mbili baada ya mtoto wa jirani kugongwa akitoka dukani na kuvunjika paja. Mvua za Machi hulila likabaki alama tu. Mwezi wa Mei, udongo ukianza kukauka, mtu mmoja hutoka na jembe, wawili watatu humfuata, nalo husimama tena.